Pia ya Goti Hukaa Wapi Baada ya Goti Kubadilishwa?

Ni mitaa michache ya Nairobi yenye hospitali kubwa zilizokaribiana kama Parklands. Aga Khan, iliyofunguliwa mwaka 1958, iko Third Parklands Avenue, Avenue iko First Parklands Avenue, M. P. Shah iko Shivachi Road. Mtu mwenye goti lililoisha anaweza kupata maoni ya mabingwa watatu wa mifupa bila kutoka mtaani. Shida huanza anapoyaweka maoni hayo pamoja. Bingwa mmoja amemwambia pia ya goti haitaguswa. Wa pili amesema itachongwa upande wa nyuma na kuvikwa plastiki. Wa tatu hakuitaja pia kabisa, alisisitiza tu jinsi atakavyoingia ndani ya goti bila kukata msuli. Na jamaa aliyetibiwa India amerudi akiisifu roboti.

Wote hao wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Mkanganyiko unatokana na kuyachanganya maswali hayo. Hapa tutayatenganisha kwa kufuata jambo moja tu: mahali pia inapoishia kukaa baada ya upasuaji, iwe juu au chini, katikati au pembeni, na imesukumwa mbele kiasi gani. Kwa maoni yangu, mikato ya mfupa, ambayo mgonjwa ni nadra kuelezwa, ina uzito mkubwa kuliko plastiki inayojadiliwa kila siku.

Kazi ya pia

Pia ni mfupa mdogo uliokaa ndani ya kano kubwa ya mbele ya goti. Kwa juu imeshikwa na misuli ya mbele ya paja. Kwa chini inashuka kano nyingine hadi kwenye kinundu kilicho mbele ya muundi. Goti likikunjwa, pia huteleza ndani ya mfereji ulio kwenye ncha ya fupa la paja. Kazi yake inakaribia ya kapi kisimani: kamba ya msuli hupita juu yake, na kwa kuisogeza kamba hiyo mbele, mbali na mhimili wa goti, pia huufanya msuli unyooshe mguu kwa nguvu ndogo. Unaposhuka ngazi au kuinuka kwenye kiti kifupi, mzigo unaopita juu ya pia huwa mara kadhaa ya uzito wa mwili. Ndiyo maana pia iliyokaa vibaya hulalamika kwanza kwenye ngazi, hata kama mgonjwa anatembea vizuri kwenye sakafu tambarare.

Goti bandia hubadilisha nyuso za mifupa. Ncha ya fupa la paja huvikwa chuma, na juu ya muundi huwekwa bamba la chuma na plastiki ngumu ya polithini. Pia yenyewe hubaki ya mgonjwa, hata ikibandikwa plastiki kwa nyuma. Aina za mwanzo za goti bandia hazikuijali sana pia, na ilipofika mwaka 1974 timu ya John Insall huko New York ilitoa goti lililokuwa na kipande maalumu kwa ajili yake. Tangu hapo ubishi haujaisha.

Kushuka kwa aina mbili

Mwaka 1971 Insall na Eduardo Salvati walipendekeza kipimo rahisi. Goti hupigwa eksirei kwa upande, urefu wa kano iliyo chini ya pia hupimwa, kisha hugawanywa kwa urefu wa pia. Jibu likiwa kati ya 0.8 na 1.2, pia iko mahali pake. Likiwa chini ya 0.8, pia imeshuka. Kipimo hiki kimependwa kwa sababu hakihitaji zaidi ya rula.

Kina upofu mmoja mkubwa. Kinaipima pia dhidi ya kinundu cha muundi, na kinundu hicho hakisogei daktari anapobadilisha goti. Kinachoweza kusogea ni mstari wa kiungo, yaani pale chuma cha paja kinapokutana na plastiki ya muundi. Mstari huo ukipanda, pia inajikuta chini hata kama kano yake ina urefu uleule wa jana. Kipimo cha Insall na Salvati kitasema kila kitu ni sawa. Vipimo vya Blackburne na Peel vya mwaka 1977, na vya Caton na Deschamps vya mwaka 1982, vinaanzia kwenye uso wa muundi wenyewe na hivyo huliona tatizo.

Tofauti hii ni ya msingi kwa sababu chanzo si kimoja. Kushuka kwa kweli hutokana na kano kufupika: kovu, goti kuachwa bila kukunjwa kwa wiki nyingi, misuli ya paja iliyolala, au upasuaji wa zamani wa kunyoosha muundi kwa kukata kabari ya mfupa. Madaktari wengine huitilia shaka vilevile tabia ya kuondoa shahamu yote iliyo nyuma ya kano, ingawa tafiti kuhusu hilo hazikubaliani. Dawa ya aina hii kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa mtaalamu wa fiziotherapia na mgonjwa mwenyewe katika majuma ya kwanza. Kushuka kwa aina ya pili hutokea mezani, chini ya msumeno, na hakuna mazoezi yatakayokurekebisha.

Matokeo kwa mgonjwa yanafanana. Ncha ya chini ya pia hugonga ukingo wa plastiki goti linapokunjwa sana, kukunja kunaisha mapema, na maumivu yanakaa mbele ya goti. Kwa mtu anayeketi kwenye kiti siku nzima huenda isiwe balaa. Parklands, hata hivyo, ni mtaa wa misikiti, jamatkhana na mahekalu, na wagonjwa wake wengi wanataka kusujudu, kukaa chini na kukunja miguu. Wengine wana shamba Murang'a au Machakos ambako choo ni cha kuchuchumaa. Kwao nyuzi kumi za kukunja goti ni sehemu ya maisha.

Kinachopandisha mstari wa kiungo

Daktari anayebadilisha goti anasawazisha nafasi mbili: ile iliyo kati ya mifupa goti likiwa limenyooka, na ile iliyopo likiwa limekunjwa. Mkato wa ncha ya chini ya fupa la paja hugusa nafasi ya kwanza tu. Mkato wa nyuma ya fupa hilo hugusa ya pili tu. Mkato wa muundi hugusa zote mbili. Kila kitu kuhusu urefu wa pia kinatoka kwenye hesabu hii.

Tuchukue goti lisilonyooka, ambalo ni la kawaida sana kwetu. Njia ya mkato ni kuondoa milimita mbili zaidi kwenye ncha ya paja. Goti linanyooka papo hapo, na chumba kizima kinaona matokeo. Ila mstari wa kiungo umepanda milimita mbili. Kisha inaonekana kwamba likikunjwa goti linalegea, labda kwa sababu kano ya msalaba ya nyuma imeondolewa na nafasi ya kukunja imepanuka. Plastiki nene zaidi inawekwa kuziba ulegevu. Ikiwa sasa goti limebana likinyooshwa, ncha ya paja inakatwa tena. Kila hatua ina sababu nzuri, na mwishoni pia iko chini kwa kiasi ambacho hakuna aliyekikusudia.

Hapa kambi mbili zinapingana. Ya kwanza hukata kiasi kilekile ambacho chuma kitarudisha, milimita kwa milimita. Nguvu yake ni kwamba mstari wa kiungo hubaki karibu na ulipokuwa, na pia hubaki na jirani zake wa zamani. Udhaifu wake unaonekana goti linapokuwa limeharibika kiasi cha kupoteza alama: ukirudisha umbo la mfupa ilhali kano za pembeni zimevutika upande mmoja, goti litayumba. Kambi ya pili huanza na kano. Huzisawazisha kwanza, kisha hukata mfupa kulingana na nafasi inayopatikana. Goti huwa imara, jambo ambalo mgonjwa hulihisi kila hatua, lakini mstari wa kiungo huelekea kupanda. Mwaka 1986 Figgie na wenzake walionyesha kwamba magoti ambayo mstari wake ulihama milimita 8 au pungufu yalikuwa na matokeo bora. Wengi leo hulenga chini ya hapo kwa mbali.

Kuacha au kuondoa kano ya msalaba ya nyuma ni ubishi uleule kwa sura nyingine. Ukiiacha, una sababu chache za kukata zaidi ncha ya paja. Lakini kwenye goti lenye matege makubwa kano hiyo mara nyingi imekaza, na kuiacha ni kuacha sehemu ya ulemavu. Ukiiondoa, kazi inakuwa rahisi na kukunja kunaweza kuongezeka, ilmradi usilipe kwa kupandisha mstari.

Jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani havilipi nafasi ya kutosha ni goti linalofika limechelewa. Mgonjwa wa Nairobi mara nyingi amevumilia miaka mingi kwa dawa za maumivu na sindano, hadi goti limepinda na halinyooki. Wengine wanaletwa na mivunjiko ya zamani ya ajali za bodaboda na matatu iliyoungana vibaya. Kwenye magoti haya ndiko kishawishi cha mkato wa ziada kilipo kikubwa zaidi, na ndiko subira inapolipa. Kuna hatua za kutangulia: kuondoa vichipukizi vya mfupa vilivyo nyuma ya fupa la paja, kisha kulegeza ngozi nene ya kiungo upande wa nyuma. Mara nyingi goti hunyooka kwa hayo mawili kabla ya msumeno kurudi. Hatua hizo zinakula muda wa chumba cha upasuaji, na muda huo una bei.

Alama zikiwa zimepotea, zipo nyingine za kushika. Mstari wa kiungo hukaa takribani sentimita 3 chini ya kinundu cha ndani cha fupa la paja, na takribani sentimita moja na nusu juu ya kichwa cha mfupa mwembamba wa nje. Eksirei ya goti la pili, kama bado ni zima, husema mengi pia.

Pia inayokwenda pembeni

Misuli ya paja huivuta pia kwa mshazari, kuelekea nje. Kinachoizuia ni mfereji. Chuma cha paja kikiwekwa kikiwa kimegeuka ndani, mfereji nao unageuka, na pia inaachwa nje ya njia yake. Bamba la muundi likigeuka ndani, kinundu ambacho kano imejishika kinasogea nje, na mvuto unazidi.

Ukubwa wa kosa linalotosha kuleta madhara unashangaza. Mwaka 1998 Berger na wenzake walipima kwa picha za CT magoti yaliyokuwa na shida ya pia. Mgeuko wa ndani wa vipande viwili vikijumlishwa ukiwa nyuzi 1 hadi 4, pia iliegemea pembeni. Nyuzi 3 hadi 8, ilianza kutoka. Nyuzi 7 hadi 17, ilichomoka kabisa au kipande chake kikavunjika. Kwa macho ya kawaida mezani, nyuzi tatu ni vigumu kuziona.

Desturi ni kugeuza chuma cha paja nyuzi 3 kuelekea nje, ukipima kutoka kwenye vichwa viwili vya nyuma vya fupa hilo. Rula hii inafaa kwenye goti la matege. Kwenye magoti yanayogongana inadanganya, kwa kuwa kichwa cha nje huwa kidogo au kimelika, na daktari anayeifuata bila kuikagua anageuza chuma ndani huku akidhani anageuza nje. Kuna mstari wa vinundu vya pembeni, lakini vinafunikwa na nyama na si rahisi kuvishika kwa kidole. Kuna mstari wa mfereji ulioelezwa na Whiteside, lakini mfereji nao huweza kuwa umelika. Mwenye busara hutumia yote mitatu na kuuliza kwa nini mmoja unakataa.

Kabla ya kufunga kuna jaribio la kutazama. Daktari hukunja na kunyoosha goti akiwa ameondoa kidole gumba juu ya pia, ili aone kama inabaki mferejini yenyewe. Ikikimbilia nje, hatua inayomjia haraka ni kukata utando wa pembeni unaoivuta. Kwanza mkanda uliobana paja kuzuia damu ulegezwe, maana mkanda huo hushika misuli na unaweza kuifanya pia ionekane imepotoka wakati haijapotoka. Kukata utando huo kuna gharama: mshipa mmoja wa damu unaoilisha pia hupita hapohapo, na pia iliyokoseshwa damu inaweza kuvunjika baadaye. Pia ikiendelea kukimbia, ni haki kushuku mgeuko wa chuma kabla ya kuulaumu utando.

Njia ya kuingia

Mkato wa kawaida hupita pembeni mwa pia upande wa ndani na kugawa kano ya msuli iliyo juu yake. Njia mbadala hupita chini ya msuli au katikati yake. Faida za njia hizo zinaonekana katika siku na majuma ya mwanzo: mgonjwa huinua mguu mapema na maumivu hupungua. Baada ya miezi kadhaa tofauti hufifia. Hasara yake ni nafasi finyu, hasa kwenye mguu mnene au goti gumu, na nafasi finyu huzaa makosa ya mgeuko tuliyoyaona hapo juu. Wengi pia wameacha kuipindua pia chini juu, wakiisogeza pembeni tu ili kano isivutike. Hilo ni jema na halina gharama kubwa. Ila mgonjwa asichague daktari kwa sababu ya njia ya kuingia.

Kuvika plastiki au kuacha

Dunia imegawanyika. Marekani wengi hubandika plastiki nyuma ya pia karibu kila mara. Sweden na Norway ni nadra. Uingereza ilikuwa katikati hadi mwaka 2020, mwongozo wa taasisi ya afya ya NICE ulipopendekeza wagonjwa wapewe plastiki hiyo. Jaribio kubwa la Uingereza liitwalo KAT, lenye wagonjwa zaidi ya 2,300, halikupata tofauti ya maana katika utendaji wa goti baada ya miaka kumi, ila lilionyesha kwamba kuvika huenda kukapunguza gharama za baadaye.

Wanaotetea kuvika wanaonyesha madaftari ya kitaifa ya magoti bandia, kama la Australia, ambako pia zilizoachwa hurudishwa mezani mara nyingi zaidi. Hoja hiyo ina nyufa. Goti lenye pia iliyoachwa likiuma, kuna upasuaji mdogo wa kujaribu, hivyo hufanywa na huhesabiwa. Goti lililovikwa likiuma, hakuna cha kuongeza kirahisi, hivyo mgonjwa huvumilia na hahesabiwi. Na wengi wanaorudi kuvikwa plastiki hawapati nafuu waliyotarajia, dalili kwamba chanzo kilikuwa kwingine.

Wanaoacha nao wana ushahidi wa kimwili. Plastiki inaweza kulegea, na pia iliyochongwa ikabaki chini ya milimita 12 inaweza kuvunjika. Pia za wanawake wengi ni nyembamba tangu mwanzo. Unene ukirudishwa kupita ulivyokuwa, goti linabanwa kwa mbele. Utafiti wa Bengs na Scott ulionyesha kwamba kila milimita 2 za ziada hupoteza takribani nyuzi 3 za kukunja. Kwa hiyo anayevika lazima apime unene kabla na baada, na aibandike plastiki kidogo upande wa ndani ili kusaidia pia ikae mferejini. Plastiki haiisahihishi pia iliyoachwa chini, wala haiirudishi iliyotupwa nje na mgeuko.

Roboti na mpangilio mpya

Roboti hukata kwa usahihi mahali ilipoambiwa. Hapo ndipo nguvu yake ilipo: mpango ukitaka mstari wa kiungo ubaki palepale, msumeno hautapita. Uamuzi wa wapi pakatwe bado ni wa mtu. Madaktari wengine sasa hutumia vifaa hivi kurudisha umbo la asili la kila goti badala ya kunyoosha miguu yote kwa mstari mmoja. Hilo huutunza mstari wa kiungo vizuri, lakini mara nyingi hukigeuza chuma cha paja ndani kidogo kuliko desturi, wakati vyuma vingi vilichongwa mfereji wake kwa desturi ile ya zamani. Wenye mashaka wana haki ya kusubiri matokeo ya miaka mingi zaidi kuhusu pia.

Mizani ya Parklands

Nikiyapima haya kwa hali yetu, naweka mbele urefu wa mstari wa kiungo na mgeuko wa chuma cha paja. Hayo mawili huamua kama pia itafanya kazi, na yakikosewa hayarekebishwi ila kwa kulifungua goti upya. Njia ya kuingia naiweka mwisho. Kuhusu plastiki, bei inageuza mizani. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF, na familia nyingi bado hukamilisha bili ya goti kwa michango ya ndugu kwenye simu. Kwa mtu asiye na uwezo wa kurudi mezani mara ya pili, na pia yake ni nene na gegedu ya nyuma imelika, kuivika mara ya kwanza kuna mantiki. Kwa mwenye pia nyembamba na gegedu nzuri, kuiacha ni uamuzi wa heshima.

Ushahidi wenye uzito tunaoutumia umetoka mbali: daftari la Sweden lilianza 1975, la Australia 1999. Barani kwetu Malawi ilianza lake mwaka 2005, ikaonyesha kwamba nchi isiyo tajiri inaweza. Magoti ya Parklands na ya hospitali za Kikuyu na Kijabe yana ulemavu wake na mahitaji yake, na yanastahili kuhesabiwa kwa namna hiyohiyo.

Hadi hapo, mgonjwa anaweza kudai faili kamili. Liwe na eksirei ya upande goti likiwa limekunjwa kidogo, iliyopigwa kabla na baada kwa pembe ileile. Picha ya pia kutoka juu, inayoonyesha kama imekaa mferejini. Unene wa plastiki iliyowekwa. Na kiasi kilichokatwa kwenye ncha ya paja. Goti likiuma mwaka ujao, awe amerudi kwa daktari yuleyule au amekwenda kwa mwingine, namba hizo zitaeleza kama tatizo ni kano, ni mkato au ni mgeuko, kabla mtu yeyote hajapendekeza kuongeza plastiki.